Uvimbe wa nyuroendokrini ukifika kwenye ini: kukata, kuunguza, kuziba mishipa au kupandikiza?

Mtu akiambiwa kwamba uvimbe wa nyuroendokrini, yaani unaoanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, umetoka utumboni au kwenye kongosho na kufika kwenye ini, swali linalomtoka kwanza ni kama unaweza kukatwa. Kwa saratani nyingi zilizosambaa jibu ni hapana, na mazungumzo yanahamia kwenye dawa. Hapa mambo ni tofauti. Vivimbe hivi mara nyingi hukua polepole, vinaweza kukaa ndani ya ini miaka kadhaa bila kwenda kwingine, na ini lenyewe ni kiungo kinachojijaza tena baada ya kukatwa. Ndiyo maana daktari mmoja anaweza kukushauri upasuliwe, mwingine akataka kukuziba mishipa, wa tatu akakuandikia sindano ya kila mwezi na kukwambia urudi baada ya miezi mitatu, na wote watatu wakawa na hoja.

Makala haya yanaziweka njia hizo bega kwa bega. Niseme mapema ninakoegemea: kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa daraja la chini ambaye vivimbe vyake vya ini vinaweza kuondolewa vyote au karibu vyote, upasuaji ndio unaostahili kuzungumzwa kwanza, tena na watu wanaoufanya mara kwa mara. Ila takwimu zinazotumika kuupigia debe zina mtego.

Mtego wenyewe

Mwaka 2009 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walitafuta majaribio ambayo wagonjwa wa aina hii waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakakatwa ini na wengine wakapewa tiba nyingine. Hawakupata hata moja. Ulinganisho karibu wote unaotajwa unatokana na mafaili ya hospitali: waliopasuliwa wanahesabiwa, wasiopasuliwa wanahesabiwa, kisha inaangaliwa nani ameishi muda gani.

Lakini nani hupasuliwa? Ni mwenye vivimbe vichache, moyo mzima, nguvu za kutosha na uvimbe usio na haraka. Mtu huyo angeishi muda mrefu kuliko jirani yake wa wodini hata kama asingeguswa na kisu. Kwa hiyo sehemu ya miaka inayoonekana kuletwa na upasuaji ni miaka ambayo mgonjwa alikuja nayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 unaonyesha jambo hili vizuri. Ulikusanya wagonjwa 753 kutoka vituo vikubwa vya nchi mbalimbali. 339 walipasuliwa, 414 walitibiwa kupitia ateri ya ini, yaani kwa kuziba mishipa. Ukitazama juu juu, ushindi ni wa kisu: nusu ya waliopasuliwa walivuka miezi 123, nusu ya wale wa ateri walivuka miezi 34 tu. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwagawa wagonjwa kwa dalili na kwa kiasi cha ini kilicholiwa na uvimbe. Kwa wale ambao zaidi ya robo ya ini ilikuwa imeshikwa na ambao walikuwa na dalili za homoni, kama kuharisha na uso kuwaka, upasuaji ulibaki mbele, miezi 87 dhidi ya 51. Kwa wale waliokuwa na mzigo huohuo mkubwa lakini bila dalili, tofauti iliyeyuka kabisa: miezi 16.7 kwa waliopasuliwa, 18.5 kwa waliozibwa mishipa.

Namba hizo mbili za mwisho ni za kukumbuka. Mtu asiye na dalili, ambaye ini lake limejaa, akipewa takwimu ya miezi 123 anapewa takwimu ya mtu mwingine.

Mambo matatu yanayotangulia uamuzi

La kwanza ni daraja. Biopsi, yaani kipande kidogo kilichochukuliwa kwenye uvimbe, inapimwa kiashiria kinachoitwa Ki-67, yaani asilimia ya seli zilizo katika harakati za kugawanyika. Chini ya asilimia 3 ni daraja la 1. Kati ya 3 na 20 ni daraja la 2. Zaidi ya 20 ni daraja la 3. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, wale wa daraja la 3 hutenganishwa na kasinoma ya nyuroendokrini, ambayo seli zake zimeharibika umbo kabisa na hukimbia kama moto wa nyika. Kasinoma hiyo ikishafika kwenye ini, kawaida huanza na kemotherapi, mara nyingi sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, na kukimbilia kisu hapo ni kumchosha mgonjwa bure. Mtu ambaye hajui Ki-67 yake asikubali wala asikatae upasuaji wowote.

La pili ni ramani. CT na MRI huonyesha umbo la ini, lakini skani ya PET inayotumia galiamu-68 hufuata vipokezi vya homoni ya somatostatini vilivyo juu ya seli za uvimbe na kuvionyesha popote vilipo, kwenye mifupa, tezi au kwingineko. Si mara moja mgonjwa amepangiwa kukatwa ini, kisha skani hii ikafichua vivimbe vya mifupa ambavyo havikuwa kwenye hesabu. Hilo pekee halifuti upasuaji, ila linabadili kinachotarajiwa.

La tatu, ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii, ni moyo. Uvimbe unaomwaga homoni ya serotonini moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu huweza kuzifanya valvu za upande wa kulia wa moyo kuwa ngumu na kuvuja. Valvu ikivuja, shinikizo linarudi nyuma hadi kwenye vena za ini, na kukata ini lililofura kwa shinikizo la namna hiyo ni kualika damu isiyozuilika. Kwa mwenye dalili za kasinoidi, yaani zile zinazoletwa na homoni hizo, kipimo cha eko cha moyo kinatangulia, na wengine hubadilishiwa valvu kwanza ndipo ini liguswe.

Kukata: unapata nini hasa

Tuanze na kinachofurahisha. Mwaka 2003 madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 170 waliokatwa vivimbe vya ini kati ya 1977 na 1998. Waliofariki kutokana na upasuaji wenyewe walikuwa asilimia 1.2. Waliopata madhara makubwa ni kama asilimia 14. Kati ya wenye dalili za homoni, asilimia 96 walipata nafuu. Baada ya miaka mitano asilimia 61 walikuwa hai, baada ya miaka kumi asilimia 35. Mkusanyiko wa baadaye, wa wagonjwa 339 kutoka vituo vinane, uliochapishwa mwaka 2010, ulitoa namba nzuri zaidi: asilimia 74 kwa miaka mitano na 51 kwa miaka kumi.

Sasa upande wa pili. Katika kundi la Mayo Clinic uvimbe ulirudi kwa asilimia 84 ndani ya miaka mitano. Katika kundi la vituo vinane ulirudi kwa asilimia 94. Dalili nazo zilirudi kwa asilimia 59 ya wale wa Mayo Clinic ndani ya kipindi hichohicho.

Yaani karibu kila mtu. Na si kwa uzembe wa madaktari. Mwaka 2010 timu ya Ufaransa ilichukua vipande vya ini vilivyokatwa kwa wagonjwa wa namna hii na kuvichanja vipande vyembamba sana kabla ya kuviweka chini ya darubini. Zaidi ya nusu ya vivimbe vilivyokutwa humo havikuwa vimeonekana kwenye skani wala kwa mikono ya daktari wakati wa upasuaji. Kwa hiyo "tumetoa vyote" maana yake ni "tumetoa vyote tulivyoviona".

Ukilijua hilo, unaacha kuuliza kama upasuaji unaponya na unaanza kuuliza unanunua nini. Unanunua miaka ambayo mara nyingi huwa na dalili chache, choo kinachotulia, usingizi usiokatizwa na uso unaowaka. Unanunua pia nafasi ya kuchelewesha tiba nyingine ambazo zina kikomo cha kurudiwa. Kwa anayeharisha mara kumi kwa siku, hiyo ni biashara nzuri. Kwa asiye na dalili yoyote mwenye vivimbe vitatu vidogo visivyokua, ni biashara ya kutafakari kwanza, na wako madaktari wazuri watakaomwambia asubiri skani mbili zaidi waone mwendo wa uvimbe.

Chumba cha upasuaji chenyewe kina mambo yake. Ini likishafunguliwa, kifaa kidogo cha ultrasaundi huwekwa moja kwa moja juu yake na kusogezwa taratibu, na mara nyingi hapo ndipo vivimbe ambavyo skani haikuviona hujitokeza, kimoja baada ya kingine, na mpango wa asubuhi ukabadilika. Mishipa inayoingiza damu kwenye ini hubanwa kwa takriban dakika 15, huachiwa kwa dakika 5, hubanwa tena. Vivimbe vya aina hii vina tabia moja inayomsaidia daktari: huwa vinaisukuma nyama ya ini pembeni badala ya kujichimbia ndani yake. Kwa hiyo vingi vinaweza kubanduliwa kama kokwa ndani ya embe, bila kukata upande mzima wa ini, na ini lililobaki likatosha hata kama vivimbe vilikuwa kumi na tano pande zote mbili.

Kisha kuna dhoruba ya kasinoidi. Kivimbe kikishikwa au kubinywa, homoni zinaweza kumwagika kwenye damu kwa mkupuo. Shinikizo la damu linaporomoka, kifua kinabana, ngozi ya uso na shingo inageuka nyekundu. Daktari wa usingizi hukaa na oktreotaidi, dawa ya kuzuia homoni hizo, tayari. Kama dripu ya oktreotaidi inayoanza kabla ya kisu huzuia dhoruba hiyo bado ni mabishano. Wapo waliochunguza na kukuta dhoruba inatokea vilevile. Ambalo halina ubishi ni kwamba daktari wa usingizi awe anaujua ugonjwa huu kabla ya siku ya upasuaji, si ausome kwenye faili asubuhi ileile.

Jambo dogo la kuuliza: kibofu cha nyongo. Sindano za oktreotaidi na lanreotaidi huleta mawe ya nyongo kwa wengi wanaozitumia muda mrefu. Kama tumbo linafunguliwa kwa ajili ya ini na mgonjwa atarudi kwenye sindano hizo, timu nyingi hukitoa kibofu hicho palepale.

Kutoa vyote au kupunguza tu?

Kwa saratani nyingi za ini kupunguza uvimbe bila kuumaliza ni kazi bure. Kwa hii siyo. Homoni zinatoka kwenye uvimbe, uvimbe ukipungua homoni zinapungua, na mgonjwa anaishi vizuri zaidi.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba usimpasue mtu isipokuwa una uhakika wa kuondoa asilimia 90 ya uvimbe unaoonekana. Kanuni hiyo ilifungia mlango watu wengi. Kuanzia katikati ya muongo wa 2010 vituo vya Marekani, vikiwemo vya Oregon na Iowa, vilianza kuripoti kwamba hata kuondoa asilimia 70 kulitoa matokeo mazuri, na vituo vingi sasa vimeshusha kizingiti. Mimi naona huu ni mwelekeo sahihi kwa mwenye dalili. Kwa asiye na dalili, nimekwisha kueleza yale yaliyotokea kwenye kundi lenye ini lililojaa, na kizingiti kilichoshuka hakilibadilishi hilo.

Ikilazimu kukata sehemu kubwa, hesabu inahamia kwenye kitakachobaki. Ini lenye afya huhitaji kubaki na walau robo yake au zaidi kidogo. Lililochoshwa na kemotherapi au mafuta huhitaji zaidi. Kisipotosha, daktari anaweza kuziba vena inayolisha upande utakaokatwa, akasubiri wiki kadhaa upande wa pili unenepe, ndipo akate. Wengine hupasuliwa mara mbili kwa awamu.

Kuunguza

Sindano nene inaingizwa ndani ya kivimbe kwa kuongozwa na ultrasaundi au CT, kisha joto la mawimbi ya redio au maikrowevu linakiunguza. Inafanya kazi vizuri kwa vivimbe vidogo, hasa chini ya sentimita 3, visivyogusana na mifereji mikuu ya nyongo. Karibu na mshipa mkubwa damu hupoza joto na kivimbe huweza kubaki nusu hai. Maikrowevu huvumilia hali hiyo kuliko mawimbi ya redio.

Watu huuliza kipi bora, kukata au kuunguza. Kwa vitendo ni nadra kushindana. Daktari hukata vile vikubwa vya pembeni na kuunguza vidogo vya katikati kwenye upasuaji uleule. Na kivimbe kimoja au viwili vikirudi baada ya miaka mitatu, kuunguzwa kupitia ngozi na kurudi nyumbani kesho yake kuna maana kuliko kufungua tumbo tena.

Kuziba mishipa

Njia hii inategemea tofauti moja ya mwili. Ini lenye afya hupata damu yake nyingi kupitia vena kuu inayotoka utumboni, ilhali vivimbe hunywa zaidi kutoka ateri ya ini. Mrija mwembamba huingizwa kwenye paja au kifundo cha mkono hadi kwenye ateri hiyo, na tawi linalolisha vivimbe linazibwa. Kuna wanaoziba kwa chembe tupu, kuna wanaoongeza dawa ya kemotherapi, na kuna wanaotumia vishanga vidogo vyenye mionzi ya itriamu-90.

Hakuna aina iliyothibitika wazi kuzishinda nyingine kwa ufanisi, lakini kwa usalama kuna jambo la kusema. Katika jaribio la RETNET, lililolinganisha aina za kuziba mishipa, kundi lililopewa vishanga vilivyobeba dawa lilifungwa mapema kwa sababu ya madhara. Mionzi nayo ina swali la baadaye: ini linaweza kusinyaa na kukakamaa miaka baada ya tiba, na huu ni ugonjwa ambao mgonjwa huishi miaka ya kutosha kuyaona hayo. Kwa mtu mwenye matumaini ya kuishi muda mrefu, ningependa njia zinazoliacha ini na akiba.

Baada ya kuzibwa tegemea homa, maumivu upande wa kulia na kichefuchefu kwa siku kadhaa. Tahadhari kubwa ni kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa kichwa cha kongosho ambapo mfereji wa nyongo uliunganishwa upya na utumbo. Bakteria wa utumboni huwa wameshapanda hadi kwenye ini lake, na nyama iliyokufa baada ya kuzibwa mishipa inakuwa makao yao. Usaha kwenye ini ni hatari inayojulikana kwa kundi hili. Kama ulipasuliwa hivyo zamani, litaje hata kama hujaulizwa.

Kuziba mishipa kunafaa nani? Mwenye vivimbe vingi vilivyotapakaa pande zote, dalili zisizotulia kwa sindano, na ambaye hakuna daktari mzoefu aliyeona njia ya kukata. Asiye na dalili mwenye ini lililojaa naye yumo humu, kwa sababu zilizoonyeshwa na utafiti wa 2011.

Kupandikiza ini

Hapa ndipo kuna namba za kupendeza kuliko zote, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko kote.

Kundi la Milan nchini Italia, likiongozwa na Vincenzo Mazzaferro, liliweka masharti makali: uvimbe wa daraja la chini, uvimbe mama, yaani ule wa kwanza, uwe ulianzia kwenye kiungo ambacho damu yake hupitia kwenye ini kwanza, na uwe umeshatolewa, kusiwe na uvimbe nje ya ini, vivimbe visizidi nusu ya ini, ugonjwa uwe umetulia kwa walau miezi sita, na mgonjwa awe chini ya umri wa miaka 60 hivi. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya watu 88 waliokidhi masharti hayo. Waliopandikizwa walikuwa 42, na baada ya miaka mitano asilimia 97.2 walikuwa hai. Baada ya kumi, asilimia 88.8. Kwa wale 46 ambao hawakupandikizwa namba zilikuwa 50.9 na 22.4.

Mkusanyiko wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2013, wa watu 213 waliopandikizwa kabla masharti kama hayo hayajaenea, ulikuwa na sura nyingine: asilimia 10 walifariki ndani ya miezi mitatu, na baada ya miaka mitano asilimia 52 walikuwa hai. Upasuaji ni uleule. Kilichobadilika zaidi ni nani aliruhusiwa kuingia. Na hata Milan hawakugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Waliopandikizwa walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao.

Wengi wanaijua habari hii kupitia Steve Jobs, aliyekuwa na uvimbe wa nyuroendokrini wa kongosho, akapandikizwa ini huko Memphis mwaka 2009 na kufariki Oktoba 2011. Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama saratani ya kawaida ya kongosho, nayo haikuwa hiyo. Ila kisa cha mtu mmoja hakithibitishi wala kukanusha chochote kuhusu upandikizaji.

Anayepandikizwa hutumia dawa za kupunguza kinga maisha yake yote, na kinga iliyolala haizuii seli za saratani zilizobaki. Kuna sadfa ya kuvutia hapa: everolimasi, dawa inayotumika kuzuia mwili kukataa kiungo, ni dawa pia ya vivimbe vya nyuroendokrini, na baadhi ya vituo huichagua kwa sababu hiyo. Lakini ini la kupandikiza ni haba kila mahali, na ambaye vivimbe vyake vinaweza kukatwa hana sababu ya kusimama kwenye foleni hiyo.

Na sindano je?

Siwezi kulinganisha upasuaji bila kutaja kinachosimama upande wa pili. Oktreotaidi katika jaribio la PROMID la mwaka 2009, lenye wagonjwa 85, ilichelewesha ugonjwa kukua hadi miezi 14.3 ikilinganishwa na 6 kwa waliopewa sindano tupu. Lutetiamu-177, mionzi inayobebwa na molekuli hadi kwenye vipokezi vya uvimbe kwa dripu nne zinazopishana wiki nane, ilijaribiwa katika NETTER-1 ya mwaka 2017: kufikia mwezi wa 20, asilimia 65.2 ya waliopewa ugonjwa wao ulikuwa haujasonga, dhidi ya 10.8 ya waliopewa oktreotaidi kwa dozi kubwa.

Haya ni majaribio ya bahati nasibu, kwa hiyo ushahidi wake ni imara kuliko wa kisu. Lakini kilichopimwa ni uvimbe kutosonga, si miaka ya kuishi. Matokeo ya mwisho ya NETTER-1 kuhusu maisha yalitoa miezi 48 dhidi ya 36.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitishwa. Usiziweke namba hizi kwenye mstari mmoja na asilimia 74 ya waliokatwa. Wagonjwa wa NETTER-1 walikuwa tayari ugonjwa unawashinda, na wengi wao hawangepelekwa kwa daktari wa upasuaji wa ini.

Uvimbe mama utolewe?

Kama unaziba utumbo, unavuja damu au umeanza kukunja mishipa ya utumbo, ndiyo, na bila kuchelewa. Kama hausumbui na ini halikatiki, jibu si la moja kwa moja. Utafiti wa Uppsala nchini Sweden uliochapishwa mwaka 2018, kwa wenye uvimbe wa utumbo mdogo uliosambaa bila dalili za tumbo, ulikuta kwamba kuukata mapema hakukuongeza maisha kuliko kusubiri hadi pawe na haja.

Ukifika kliniki

Kwa mwenye daraja la 1 au 2, vivimbe vinavyofikika na moyo mzima, ningeomba rufaa kwa timu ya upasuaji wa ini kabla ya kukubali kwamba "haikatiki". Neno hilo lina maana tofauti kinywani mwa anayekata ini mara mbili kwa mwaka na kinywani mwa anayelikata kila wiki. Kwa mwenye vivimbe vilivyotapakaa na dalili nzito, ningeuliza kuhusu kupunguza kwa asilimia 70, kisha kuziba mishipa, kwa mpangilio huo. Kwa mwenye umri mdogo, uvimbe uliotulia na ini pekee lililoathirika lakini lisilokatika, swali la kupandikizwa liulizwe mapema, kwa sababu masharti yanahitaji miezi ya kuthibitisha utulivu na saa hiyo huanza kuhesabiwa siku ya skani ya kwanza.

Maswali ninayoyaona yana uzito kuliko mengine: Ki-67 yangu ni ngapi, na ilipimwa kwenye kivimbe cha ini au kwenye uvimbe mama? (Zinaweza kutofautiana, na ya ini ndiyo inayoongoza uamuzi wa ini.) Mnategemea kuondoa asilimia ngapi? Ini litakalobaki ni kiasi gani? Kesi yangu imejadiliwa na jopo lenye daktari wa upasuaji, wa homoni, wa mionzi na wa saratani kwa pamoja? Na uvimbe ukirudi, mmeacha nafasi ya kufanya nini?

Hilo la mwisho lisirukwe. Baada ya upasuaji ufuatiliaji huanza na skani na vipimo vya damu kila miezi mitatu hadi sita, kisha kwa nafasi kubwa zaidi ugonjwa ukitulia, na hauishii mwaka wa tano kama ilivyo kwa saratani nyingine. Vivimbe hivi huweza kurudi mwaka wa nane au wa kumi, na vikionekana vikiwa vidogo, kuunguza au kukata mara ya pili bado kunawezekana.